Friji Tatu Si Zetu

Jumatatu, 3 Februari

Keko asubuhi, Chang'ombe saa nne, Tandika adhuhuri. Joto la kufa mtu. Kila tulipofika, maji madogo ya chupa yalikuwa yameisha kwenye friji. Ukonga hatukufika. Magoti yangu yaligoma.

Guta, pikipiki yetu ya mizigo ya magurudumu matatu, naendesha mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, baibui nimelifunga kiunoni, kofia ngumu juu ya mtandio. Mwanzo watu wa Keko walikuwa wanapiga miluzi, sasa wamezoea. Baba Asha, mume wangu, anakaa nyuma yangu juu ya katoni na kutoa amri. Punguza. Kata kulia. Hapo kuna shimo. Njia yote anayo kichwani. Hilo shimo lilizibwa zamani, lakini nalikwepa ili aridhike.

Anawaambia watu kwamba ananifundisha. Ukweli ni kwamba nilimnyang'anya ufunguo siku alipogonga kitanda cha Fundi Mwinyi, pale Keko. Kitanda cha mninga, kipana kama chumba, kimewekwa kando ya barabara vanishi ikauke. Hakukiona. Mpaka leo anasema kosa ni la fundi. Daktari kasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Hilo tunalijua watatu tu. Wengine wote wameambiwa mzee amechoka.

Kwa hiyo tunauza biashara. Nimelisema kwa sauti leo nikiosha vyombo, nione linavyosikika. Linasikika vibaya.

Jumatano, 5 Februari

Ukonga tumefika. Friji zimejaa, Alhamdulillahi.

Nimekaa nikawaza ni kitu gani hasa tunachouza. Friji saba za vioo, kila moja imekaa kwenye sehemu ya mtu mwingine. Ya Keko iko karakana kwa Fundi Mwinyi, ya Tandika iko saluni kwa Mama Rozi, ya Chang'ombe iko gereji, nne zilizobaki ziko Ukonga na njiani. Sisi tunajaza maji, soda na juisi na kununua umeme. Mwenye sehemu anaangalia friji na kuchukua chake. Hakuna mkataba hata mmoja. Wanamwamini Baba Asha, basi. Hicho ndicho mnunuzi atakachokitolea kilemba, kama watu wanavyotoa kilemba wakiachiwa fremu ya duka.

Friji nne tulinunua. Tatu, za Keko, Chang'ombe na Tandika, ni za kampuni ya soda, tumeazimwa tu tuuzie vinywaji vyao. Zilikuja nyekundu. Baba Asha akazipaka zote saba kijani, na juu ya kila mlango akaandika kwa rangi nyeupe ZUHURA. Jina langu. Nyumbani mimi ni Mama Asha. Zuhura nipo barabarani tu.

Amekubali kuuza kwa sharti moja. Mnunuzi atazungumza na yeye, mwanamume, na mimi nisitie neno. Nimekubali. Mtu anayepoteza macho mwachie walau mdomo.

Jumamosi, 8 Februari

Mnunuzi amekuja. Mwalimu Ndeshi, mama wa Kichaga, amestaafu, anakaa Ukonga. Mpole, lakini macho yake yanahesabu. Kamwita Baba Asha "mzee wangu" tangu mlangoni. Nimempenda.

Nilikuwa namimina chai nilipomsikia mume wangu akisema, "Zote saba zangu, Mwalimu. Umeziona mwenyewe, rangi moja, jina moja."

Chai ikamwagika kwenye sahani. Nikafuta. Niliahidi kutotia neno.

Mwalimu ameacha kishika uchumba, malipo ya kwanza ya kuonyesha nia. Baba Asha amezipapasa noti moja moja huku akitazama dirishani, kama mtu asiye na haraka. Amefurahi. Sikumbuki lini nilimwona amefurahi hivyo. Na mimi nina hasira.

Jumapili, 9 Februari

Hasira bado ipo.

Baba Asha si mwizi. Namjua. Akiokota shilingi mia mlangoni kwa mtu anabisha hodi. Ila hizo friji tatu amezilea. Kabadilisha mipira ya milango, kajaza gesi, usiku mmoja wa mvua kalala karakana Keko akizuia maji yasiingie kwenye mota. Kampuni haijaja kuzitazama siku nyingi. Moyoni mwake zimekuwa zake.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri makalio, hata ukiipaka rangi. Mwalimu katoa kiinua mgongo chake. Siku kampuni itakapokuja kubeba friji zao, atasimama barabarani Keko na kusema mzee fulani alinitapeli. Na mzee fulani huyo atakuwa ndani, haoni, anasikia.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia naenda kununua vitunguu. Nimeenda kwa wakala wa soda. Niliyemkuta ni kijana wa kampuni, mstaarabu, kaniamkia kabla sijakaa. Nikamuuliza kama jambo la mtu mwingine: mtu ana friji zenu, anataka kuacha biashara, afanyeje?

Kasema friji haiuzwi, ila inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine pale pale ilipo, kampuni ikiridhika. Ni jambo la kawaida. Ila iwe katika hali yake na rangi yake. Ikiwa imepakwa rangi nyingine wanaibeba, na mtu huyo hapewi tena.

Nimerudi bila vitunguu. Hakuuliza. Kuna mambo mengi siku hizi haulizi.

Umeme umekatika tangu magharibi. Nawaza maji yangu yanavyopata joto hapa hapa Tandika, saluni.

Ijumaa, 14 Februari

Nimevunja ahadi. Alipotoka msikitini nikamkalisha barazani na kumwambia yote, ya wakala, ya rangi, ya Mwalimu.

Kwanza akacheka. Halafu akauliza nani alikuwa anatia gesi, ni huyo kijana wa kampuni? Halafu akakasirika kwa kuwa nilikwenda nyuma ya mgongo wake. Hapo ana haki. Nikamwambia hivyo, kisha nikamwambia kwamba siku ya kukabidhi mimi sitakuwepo. Aendeshe guta mwenyewe.

Ni neno baya. Nililijua ni baya kabla halijanitoka. Aliutazama ukuta wa jirani. Nikajua hauoni.

Asha amepiga simu kutoka Mwanza. Nimemwambia hatujambo.

Jumamosi, 15 Februari

Hatusemeshani. Nimepika nguru wa nazi, chakula anachokipenda, kwa makusudi. Amekula, sahani ikabaki nyeupe. 

Nampenda na ananiudhi.

Jumatatu, 17 Februari

Leo nataka niandike vizuri.

Alfajiri kaniambia, "Nipeleke Keko." Kavaa shati kuukuu. Njiani hakutoa amri hata moja. Sikupenda ule ukimya. Nilitamani aseme punguza.

Fundi Mwinyi alikuwa anapiga randa. Baba Asha akapapasa mpaka akaifikia friji, akaweka kiganja kwenye mlango kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika karakana nzima, "Fundi, nigee msasa na thina. Nataka kutoa rangi. Hii mashine si yangu, ya kampuni."

Niliangalia chini. Niliona aibu kwa niaba yake, na papo hapo nikamwonea fahari, sijui yote mawili yanakaaje katika kifua kimoja.

Fundi Mwinyi hakuuliza swali. Huyu ndiye aliyeharibiwa kitanda. Akaleta msasa, akaleta kitambaa, akamvutia kigoda. "Kaa hapa, mzee, kuna kivuli," akasema, na akarudi kwenye randa yake.

Tukaanza. Mimi ubavuni, yeye mlangoni. Alianza na jina. Rangi nyeupe aliipaka mara mbili zamani zile, imevimba kidogo, kwa hiyo aliipata kwa kidole. Akaifuata Z mpaka mwisho wake, halafu akaipitishia msasa. Akaifuata U. Hakuwa na haraka. Niliacha kazi yangu nikamtazama. Miaka yote hiyo nilidhani jina lile ni tangazo. Leo nimeona mtu anavyoligusa.

Akauliza, "Nyekundu imeanza kutokea?"

Ilikuwa imetokea zamani. Kipande kikubwa kama sinia, mbele ya uso wake, juani.

Nikasema bado kidogo. Akasugua tena, kisha akasimamisha mkono. "Imetoka, eh?" Nikasema imetoka. Akasema, "Mimi sioni, Mama Asha. Nyekundu sioni. Naona kama moshi tu." Miezi yote hii hajawahi kulisema. Kalisema karakana, watu wakipiga nyundo, vumbi la kijani kwenye ndevu.

Nimelia. Nimesingizia thina.

Jumatano, 19 Februari

Chang'ombe jana, Tandika leo. Mabega hayanyanyuki.

Saluni kwa Mama Rozi kumekuwa na vioja. Wanawake wenye rola kichwani wakamwona mzee anafuta jina la mkewe mlangoni. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, Mama Asha kaachwa!" Mwingine akasema talaka za siku hizi zinatolewa kwa msasa. Mama Rozi akatoka na kitana mkononi, yu tayari kumshambulia.

Baba Asha hakugeuka. "Huyu haachiki," akasema. "Nilishajaribuga, akanipikia samaki."

Wamecheka mpaka mmoja rola zikamtoka. Mimi nilitamani kuingia ndani ya friji. Kisha akawaeleza. Friji si yake. Macho hayaoni. Anauza. Kicheko kikakatika. Mama Rozi akamletea kiti na maji, kutoka friji ileile, na hakutaka alipe. Baba Asha kalipa. Kiburi hicho bado kizima, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 20 Februari

Tumekwenda kwa Mwalimu Ndeshi, Ukonga, sisi kwake, maana mwenye kosa ndiye anayebisha hodi. Kabla hata ya chai Baba Asha akaweka mezani kishika uchumba chote. Akasema, "Mwalimu, nilikudanganya. Friji tatu si zangu. Zangu nne, na ndizo ninazoweza kuuza. Na siuzi kwa sababu nimechoka. Nauza kwa sababu sioni."

 Mwalimu aliukunja uso kama anasahihisha mtihani wa mtoto aliyemtegemea. Akasema, "Mzee wangu, nimeumia. Nilikuwa nimeshamwambia hata mchungaji." Baba Asha akasema una haki ya kuumia. Mimi nikataka kueleza, kijana wa kampuni, rangi, kuhamisha. Nikaeleza vibaya, maneno yakagongana. Mwalimu akachukua fedha yake. Akasema ataomba, atafikiri.

Chai hatukunywa. Hakuna aliyeigusa.

Njiani nikasubiri Baba Asha aseme umeona sasa, umeponza biashara. Hakusema. Kasema tu kwamba hapo sasa nikate kushoto.

Jumapili, 23 Februari

Kimya. Simu nimeiweka sauti ya juu mpaka jirani amelalamika.

Naogopa. Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa kwamba ukweli umetutia hasara, na naogopa zaidi kwamba atajutia. Magoti yamevimba. Leo nimejaza friji mbili tu. Nyingine zimekaa tupu, zinanguruma.

Yeye katulia. Anasikiliza redio, anacheka peke yake. Kalala mchana kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumanne, 25 Februari

Mwalimu amekuja mwenyewe, na mkungu wa ndizi, chane kwa chane. Ananunua! Friji zetu nne na guta, na kilemba cha sehemu zote saba. Ametaka tupunguze, tumepunguza, ni haki yake. Zile tatu amekwenda mwenyewe na kijana wa kampuni kuzitazama. Kijana kaziona nyekundu, kafungua milango, kasikiliza mota, kasema zimetunzwa. Watazihamishia kwake palepale zilipo.

Aliniambia jikoni, tukimenya ndizi, kwamba angeweza kupata friji popote. "Ila mtu wa kuniambia ukweli kabla sijaujua, huyo, mama, nilitafuta mpaka nikastaafu."

Kisha ametoa sharti lake. Anataka Baba Asha amzungushe sehemu zote, amtambulishe kwa mdomo wake kwa kila mwenye sehemu. Amtie mkononi mwao, ndivyo alivyosema. Mimi niendeshe tu.

Nilikwenda chooni nikakaa kidogo. Halafu nikarudi kumenya ndizi.

Alhamisi, 27 Februari

Tumekabidhi. Nimeendesha guta kwa mara ya mwisho, nyuma Baba Asha juu ya katoni, na Mwalimu kando yake ameshika gauni lake la kanisani. Amri zimerudi. Punguza. Kata kulia.

Kila tulipofika alisema maneno yaleyale. "Huyu ni Mwalimu Ndeshi. Kuanzia leo yeye ndiye mimi. Mlivyonitunza mimi, mtunzeni yeye. Macho yangu yamekwisha, sitakuja tena na mzigo, nitakuja kuwasalimu." Gerejini vijana waliacha spana wakasimama. Mama Rozi alilia waziwazi. Fundi Mwinyi alimwambia Mwalimu awe makini, hapa Keko tunaanika vitanda barabarani. Baba Asha ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Sehemu ya mwisho Ukonga aliomba tumwache kidogo. Alisimama kando ya friji, mkono juu yake, mpaka mota ikazima yenyewe. Kisha akasema twende.

Ufunguo wa guta nimempa Mwalimu. Umeacha alama kwenye kiganja changu, nilikuwa nimeubana.

Jumamosi, 1 Machi

Tumeamka saa ileile. Hakuna pa kwenda. Tumekunywa chai mpaka ikaisha. Yeye kasema maziwa yalikuwa mengi, mimi nimesema hayakuwa mengi.

Watu wanausubiri mwezi, huenda kesho tukafunga. Nikachukua kikapu niende sokoni. Nikamkuta mlangoni, amevaa kanzu, amesimama upande wa nje. Kanyoosha mkono. Hakuunyoosha kwenye bega langu, wala hakutaka ncha ya kikapu. Alitaka mkono wangu. "Nishike," akasema.

Miaka thelathini na moja ya ndoa. Barabarani yeye hutangulia, mimi hufuata hatua mbili nyuma, ndivyo tulivyolelewa. Nilisimama kama mwari. Muuza mkaa alikuwa anatazama. Watoto wa jirani walikuwa wanatazama. Nikamshika.

Tulikwenda polepole, katikati ya Tandika, mchana kweupe, vidole ndani ya vidole. Nilikuwa na aibu mpaka kwenye kona. Baada ya kona sikuwa nayo tena.

Akauliza, "Watu wanatutazama?"

Nikasema wote.

"Waache watazame," akasema, na akakaza mkono.

Tumenunua tende, mihogo na nazi mbili. Tumerudi hivyohivyo.